Makofi ya Kitalu cha Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Pacha aliweka madumu mawili ya njano chini ya bomba la Kitalu cha Nne cha kambi ya wakimbizi, akakaza kanga ya mtoto aliyekuwa mgongoni, akamweka vizuri yule wa kifuani, kisha akafungua koki. Mama mkwe wake akasogea mbele hatua mbili, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuhutubia, akaanza kupiga makofi. Maji yakatoka.

"Fanya haraka, mwanangu," mama mkwe alisema. "Leo sina mikono ya kuchezea."

Dumu la kwanza lilipofika nusu, mama mkwe alipunguza mwendo, na maji yakapunguza mwendo. Aliposimama kupuliza viganja vyake, maji nayo yakasimama yakamngoja. Nyuma yao wanawake wapatao arobaini walikuwa wamepanga foleni wawili wawili, kila mchotaji na mpigaji wake, kwa sababu anayeshika dumu hawezi kupiga makofi na anayepiga makofi hawezi kushika dumu. Watu husema mkono mmoja haulei mwana. Katika kitalu hicho hata mikono miwili haikutosha kuchota maji.

Mambo yalikuwa hivyo kwa miezi minane sasa, tangu siku ya uzinduzi.

Shirika la misaada lilikuwa limejenga tangi kubwa kwenye mwinuko, nje ya uzio wa kambi, likachimba mtaro na kulaza paipu kutoka kwenye tangi kuja kwenye mahema. Paipu zilipungua sita. Fundi bomba alisimama mtaroni, akatazama pengo lililobaki, akauliza zilizosalia ziko wapi, akaambiwa ziko njiani. Lakini ratiba ya uzinduzi ilikuwa imeshachapishwa kwenye karatasi nzuri yenye nembo, na mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka kwake. Basi bomba likasimikwa mahali pake, likapakwa rangi ya buluu, mtaro ukafukiwa. Ratiba ilikuwa na mambo matano: wimbo, hotuba, kukata utepe, makofi, na maji kutoka. Wimbo ukaimbwa, hotuba ikasomwa, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, na maji yakatoka.

Afisa mradi, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Sawasawa kwa sababu ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo, alikuwa ameandaa sababu tatu za kueleza kwa nini maji hayatoki. Alizikunja akazirudisha mfukoni. Makofi yalipoisha, maji yaliisha. Wageni walipokwisha kuondoka, fundi bomba alipiga goti, akalichunguza bomba juu na chini, akasema halina ubaya wowote, limeunganishwa vizuri tu.

"Limeunganishwa na nini?" wanawake waliuliza.

"Na ratiba," alijibu, akafungasha spana zake akaenda kula.

Watu huzoea. Baada ya wiki mbili kitalu kizima kilikuwa kimelijua bomba hilo tabia kama mtu anavyomjua shemeji yake. Makofi ya ncha za vidole yalitoa matone. Makofi ya kejeli yalitoa maji ya kutu. Kuna aliyeleta simu yenye kelele za mashabiki wa mpira elfu ishirini, bomba likatoa upepo mrefu kama mtu anayeguna. Makofi ya hasira yalitoa maji ya vuguvugu, na hayo yalikuwa na faida yake. Siku za kuwaogesha watoto, Mama Pacha alimwomba mama mkwe apige makofi huku akimfikiria Bwana Sawasawa, na beseni lilijaa maji ya kuogea kichanga, hayahitaji kuni.

Watoto wenyewe waliitwa Mkubwa na Mdogo, ingawa walipishana dakika kumi. Walikuwa na miezi kumi. Walikuja kambini wakiwa tumboni, kwa miguu ya mama yao, njia ya wiki tatu, na baba yao walipotezana naye kwenye kivuko hawajamwona tena. Mama Pacha hakuwa na mikono ya kupigia makofi. Mmoja ulikuwa wa Mkubwa, mwingine wa Mdogo. Maji ya hema lao yote, ya kunywa, ya uji, ya nepi, yalitoka kwenye viganja vya mama mkwe.

Na viganja hivyo vilikuwa vinakwisha. Mistari yote ilikuwa imefutika, vimebaki laini kama sahani. Tangu Ijumaa kidole gumba cha kulia kilikuwa hakikunjiki, na mkono wa kushoto umevimba hadi kwenye kifundo. Muuguzi wa zahanati aliupima, akausikitikia, akaandika kwenye kadi: apumzishe mikono, anywe maji mengi.

"Nimsikilize lipi?" mama mkwe aliuliza.

Asubuhi hiyo dumu la pili halikujaa. Makofi yalianza kutoa sauti ya kitu kilicholowa, maji yakawa uzi, kisha yakawa matone. Mama Pacha alifunga koki, akasema inatosha, ingawa haikutosha, na wote wawili walijua.

Saa nne Bwana Sawasawa alikuja hemani kwao na karatasi mbili. Alisema keshokutwa, Jumatano, watakuja wageni kutoka makao makuu ya shirika kutembelea mradi na kuufanyia tathmini.

"Wewe ndiye utakayetoa shukrani," alimwambia Mama Pacha. "Una pacha, mnapendeza kwenye picha. Maneno yako ni haya hapa, nimeshakuandikia. Sawasawa?"

Mama Pacha aliisoma karatasi. Neno asante lilikuwemo mara kumi na moja.

"Na zile paipu sita, kaka?"

"Ziko njiani."

"Hiyo njia ni ipi? Mimi na tumbo la pacha nilitembea wiki tatu nikafika. Paipu hazina mimba, na zimeshindwa kwa miezi minane."

Bwana Sawasawa alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu. "Sawasawa," alisema, akaenda hema la pili.

Jumanne mchana, wanawake walipokuwa kwenye sakafu ya kufulia, Mama Pacha alipiga moyo konde akasema yaliyokuwa yanamkaba. Kesho wageni wakija, mtu asipige makofi. Hata moja. Waone bomba kavu kwa macho yao, wataleta paipu.

"Na kesho tutakunywa nini?" aliuliza jirani yake, mwanamke mshona viatu ambaye hakuwahi kukubali jambo kabla ya kulipinga.

"Tuchote leo ya siku mbili."

"Mikono ya nani?"

"Yenu. Ya mama yangu imekwisha."

Wote walimtazama mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni na mikono yake ndani ya beseni kama samaki wawili waliolala. Mwenyekiti wa kitalu, mzee aliyependa amani kuliko ukweli, alisema si adabu kumnyima mgeni makofi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Tumeshapona vya kutosha, mwenyekiti," mama mkwe alisema. "Sasa tunaomba tuonekane tunaumwa."

Walicheka, na kicheko kikafanya kazi iliyoshindikana kwa maneno. Walikubaliana. Ila mshona viatu alionya kwamba makofi yameshakuwa mazoea, yeye mwenyewe hupiga makofi akiona chungu kinachemka. Mtu anaweza kukubaliana moyoni na mikono ikamsaliti. Ndipo ikapangwa kwamba kesho kila mmoja aje ameshika kitu mikononi, ili mikono iwe na shughuli. Na kwa kuwa vitu vya kushika kambini si vingi, kila mmoja atakuja na ndoo yake au dumu lake. Mchana ule walipiga makofi hadi saa kumi na mbili, wakajaza kila chenye tumbo, masufuria, mabeseni, chupa, hata buti za mlinzi wa ghala. Usiku walikunywa, asubuhi wakapika, na kufikia saa nne ya Jumatano madumu yalikuwa yameshamiminwa na yako mikononi mwa wenyewe, matupu.

Wageni walikuja kwa magari matatu meupe, watu kumi na mmoja. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kofia pana na ubao wenye fomu. Kabla hajafika bombani kambi ilikuwa imeshampa jina, Mama Tathmini. Hakuwa mtu wa kujivuna. Alivua kofia kumwamkia mama mkwe, alimbeba Mdogo bila kujali mate, na alipouliza swali alisubiri jibu. Mama Pacha alimtazama, moyo wake ukapata nguvu. Huyu ataelewa, aliwaza.

Bwana Sawasawa alifungua koki, akasoma ratiba. Wimbo ulikuwa umekwisha. "Sasa makofi," alisema.

Hakuna aliyepiga. Wanawake arobaini walisimama wamekumbatia madumu yao. Upepo ulipita ndani ya ndoo moja ukatoa sauti. Bwana Sawasawa alipiga makofi peke yake, na bomba likatoa matone matatu yenye kutu.

"Sawasawa," alisema kwa sauti ndogo, akampa Mama Pacha kipaza sauti.

Mama Pacha hakuifungua karatasi yake. Alimweka Mkubwa vizuri begani.

"Wageni wetu, shikamooni. Tunashukuru kwa bomba. Ni zuri na rangi yake ni nzuri. Lakini halijaunganishwa na tangi. Kati ya tangi na bomba hili zimepungua paipu sita, na kila paipu ni urefu wa kutoka hapa hadi gari lenu la kwanza. Siku ya uzinduzi tulipiga makofi, maji yakatoka, na tangu siku hiyo tusipopiga hayatoki. Miezi minane tunapiga makofi kunywa, tunapiga makofi kupika, tunapiga makofi kuosha maiti. Mama mkwe wangu huyu hapa, mtazameni mikono. Alinipokelea watoto wangu kwa mikono hiyo, mmoja baada ya mwingine, juu ya turubai, na leo haiwezi kushika kijiko. Mimi siombi bomba jipya. Siombi uzinduzi. Naomba paipu sita. Nimemaliza."

Dereva mmoja alivua miwani ya jua. Mama Tathmini alikuwa amesimama na ubao wake kifuani, machozi yamemlenga. Alikuwa ametembelea kambi nyingi na kusikia shukrani nyingi, na hajawahi kuelezwa jambo kwa unyoofu namna ile. Alikuwa pia mtu aliyelelewa vizuri. Akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri hufanya hotuba nzuri inapomalizika.

Alipiga makofi.

Wenzake kumi wakafuata. Ilikuwa mikono ya ofisini, mikono iliyopumzika miaka mingi, na ilipiga kwa moyo. Koki ilikuwa wazi. Maji yalitoka kwa kishindo ambacho Kitalu cha Nne hakijawahi kukiona, meupe, baridi, yakaipindua ndoo iliyokuwa chini na kuisukuma hadi kwenye viatu vya mwenyekiti.

"Msipige!" Mama Pacha alisema kwenye kipaza sauti. "Jamani, ndiyo hayo ninayoyasema!"

Ujasiri wake uliwagusa zaidi. Wakaongeza.

Wanawake walitazamana. Kila mmoja alikuwa na dumu tupu mikononi, kama walivyokubaliana, na mbele yao maji yalikuwa yanamwagika chini bila mtu wa kitalu kuchoka hata kidole. Mshona viatu ndiye aliyetangulia. Mama Pacha hakumlaumu. Yeye mwenyewe, akiwa bado ameshika kipaza sauti na Mkubwa begani, alianza kuyasukuma madumu yake mawili kwa mguu, kidogo kidogo, kuelekea bombani. Foleni ikajipanga yenyewe. Wageni walipoona watu wanachota kwa furaha walizidi kufurahi, na walipiga makofi nusu saa nzima, hadi dumu la mwisho lilipojaa na mikono yao ikawa myekundu.

Waliposimama, maji yalisimama.

Mama Tathmini alilisogelea bomba. Alipiga kofi moja. Likatoka funda moja. Alipiga mawili, yakatoka mafunda mawili. Alimwomba dereva apige kutoka mbali, kisha apige akiwa amegeuka nyuma. Kisha alimgeukia Mama Pacha.

"Nimekuelewa, dada," alisema. Na kweli alikuwa ameelewa. Hakuna kilichompita.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua fomu. Je, maji yanatoka? Aliandika ndiyo, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimelowa. Je, yanahitaji mafuta au umeme? Hapana. Je, jamii inashiriki katika kuuendesha mradi? Alimtazama mama mkwe, akafikiri, akaandika: ndiyo, kwa mikono miwili.

"Na paipu sita?" Mama Pacha aliuliza.

Mama Tathmini aliitafuta sehemu ya paipu. Aliitafuta kwa dhati, mbele na nyuma ya fomu, hata chini ya kibanio. Palikuwa na sehemu ya maoni mengine, mstari mmoja, na nusu yake ilikuwa imeshaliwa na tarehe. Hapo aliandika: mzungumzaji hodari.

"Nitakwambia ukweli kama mdogo wangu," alisema. "Hizo paipu zipo. Ziko ghalani, nitahakikisha zinatoka. Lakini kuna kambi nyingine mbele huko, wenzenu wana bomba kama hili na halijazinduliwa. Hawana ratiba. Wakipiga makofi hakitoki kitu. Nyinyi angalau mmeshapata namna. Ungekuwa wewe, ungewapelekea nani?"

Mama Pacha aliwawazia wanawake wa kambi hiyo, wenye watoto mgongoni na kifuani, na jibu lililomjia halikuwa lile alilolitaka.

Magari yalipoondoka, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha hema, dumu lililojaa kila upande wake.

"Umesema vizuri mno, mwanangu," alimwambia. "Ungesema vibaya kidogo, leo tungekuwa na paipu."

Baada ya wiki tatu shirika lilileta katoni ya glavu za sufi, kwa ajili ya kulinda viganja vya wanajamii, pamoja na bango la kufundisha namna bora ya kupiga makofi, hatua kwa hatua, kwa michoro. Glavu zilikuwa nene na nzuri. Makofi yake hayakuwa na sauti, na bomba halikuyatambua. Zikatumika kuepulia masufuria, na mbili Mama Pacha aliwavika Mkubwa na Mdogo kichwani, zikawakaa vizuri, vidole vitano vimesimama kama vishungi vya jogoo. Mama mkwe alipewa mapumziko na foleni yenyewe. Mwenyekiti alichora zamu kwenye daftari, na kila asubuhi mtu tofauti alipiga makofi ya hema la Mama Pacha, dumu moja mmoja, dumu jingine mwingine. Mshona viatu alipinga kwanza, kisha akajiandikisha Jumatatu na Alhamisi. Yalikuwa maji machache kuliko ya zamani, ila hayakukosekana.

Alhamisi moja, zamu ya mshona viatu, dumu la pili likiwa robo, lori lilipita kwenye barabara ya nje ya uzio. Lilikuwa limebeba paipu mpya za buluu zilizofungwa kwa kamba, na kwa kuwa zilikuwa ndefu zimechomoza nyuma, mtu alikuwa amezifunga kitambaa chekundu cha tahadhari. Bwana Sawasawa alikaa mbele na dereva. Alitoa mkono dirishani akawapungia.

Mshona viatu alishusha mikono. Foleni nzima ilizihesabu paipu kimyakimya. Zilikuwa sita.

Mdogo alikuwa kifuani mwa mama yake. Hadi siku hiyo mikono yake ilijua kazi mbili tu, kuvuta hereni na kutafuta ziwa. Aliliona lori, akakiona kitambaa chekundu kikicheza kwa upepo, akacheka kwa meno yake mawili. Kisha akavileta viganja vyake pamoja, mara moja, akashangaa vimekutana, akavileta tena.

Bomba likatoa maji kidogo, safi, ya kutosha kikombe kimoja.

Mama Pacha alifurahi kama mama yeyote anavyofurahi siku mwanawe anapopiga makofi kwa mara ya kwanza. Alimbusu viganja, kimoja kimoja, na kila kimoja akakitazama, mistari yote ilikuwemo. Alikuwa ameyakinga maji yale kwa kikombe, akamnywesha yeye kwanza, kilichobaki akampa Mkubwa.

"Mwandikeni zamu huyo," mama mkwe alisema kutoka kivulini. "Ameshakuwa mtu."

Mwenyekiti alifungua daftari, akalamba ncha ya kalamu, akauliza saa ngapi itamfaa.

Lori lilikuwa limeshafika kwenye kona, kitambaa chekundu kikapotea nyuma ya vumbi. Mama Pacha alifikiri kidogo.

"Asubuhi," alisema. "Akishanyonya."